Lango la Lwenzi Liitwe Nani?

Jumatatu, tarehe tisa Juni, saa tano kasoro robo asubuhi, nchi yetu ndogo ya Lwenzi ilipokelewa katika Jumuiya ya nchi sita. Watu walicheza ngoma barabarani. Mimi nilikuwa makaburini.

Watatu ndio waliotuingiza. Mzee Katondwa alijaliwa subira. Nyamisana alijaliwa lugha. Mume wangu Baltazari, mfuma vikapu, alijaliwa ubishi.

Sheria ya Jumuiya ilitaka nchi zote sita zikubali.

Katondwa, mjumbe wetu, alifika kwenye ukumbi wao. Kwetu mgeni hapigi hodi. Hukohoa mlangoni, akangoja kuitwa. Alikohoa siku mbili, amesimama. Angeondoka, ombi letu lingefutwa. Miguu ilivimba, na hadi leo hatembei.

Ndani, wajumbe waliudhika. "Hata hodi hawaijui, hawa!" Mwingine akacheka: "Mpeni dawa ya kifua arudi kwao."

Nyamisana, mkalimani wao aliyezijua mila zetu, hakuruhusiwa kusema neno lake mwenyewe. Akalisema. "Waheshimiwa, huyo mzee haumwi. Anawapigia hodi tangu jana." Akafukuzwa kazi papo hapo. Lakini Katondwa aliitwa ndani, na nchi tano zikakubali. Ya sita, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, ikakataa.

Siku hiyo Baltazari alishikwa na tumbo. Hospitali iko ng'ambo. Askari wa mpakani akasema, "Mama, ninyi si wanachama. Subirini kibali."

Nikamnong'oneza mume wangu, "Baba Emeri, kuna mtumbwi wa magendo kule chini. Twende."

"Siendi. Tukipita kwa wizi leo, kesho watasema Walwenzi ndivyo walivyo."

"Utakufa!"

"Basi nife nimekaa kwenye foleni."

Akafa kwenye foleni. Habari ilipofika ukumbini kwamba alikataa kupita kwa wizi hadi akafa, mjumbe wa nchi ya sita aliinamisha kichwa, akasema, "Tunakubali."

Sasa lango la mpakani litapewa jina la mmoja tu wa hao watatu. Wazee wamenijia: "Sema wewe, mama, uliyefiwa." Nikimtaja Baltazari, nimependelea wangu. Nisipomtaja, wanangu nitawaambia nini?

Ninyi mnaonisikiliza, mngeandika jina la nani?

Ee Mungu, mpumzishe Baltazari, umsamehe ubishi wake. Nami unisamehe hasira niliyo nayo juu yake. Amina.