Namkunda na Wageni wa Shamba la Kunde

Ngano yaja!
— Na ije, tumekaa.
Yaja na nini?
— Na umande wa asubuhi.

Hapo kale, kale sana, wadudu walipokuwa wakisema na watu, aliishi mjane jina lake Namkunda. Mumewe alimwachia konzi moja tu ya mbegu za kunde. Akazipanda akisema, "Ee Mungu, zikipotea hizi, kazi ya mkono wa mume wangu imepotea duniani."

Kunde zikaota. Asubuhi moja, ukungu umelala shambani, akaja vunjajungu, mikono ameikunja kama anayesali.

"Hodi, mama. Nipe jani moja nikae."

"Toka! Akugusaye huvunja vyungu." Akamfukuza kwa kijiti.

Asubuhi ya pili akaja mtoto wa mdudu mwekundu wa mviringo, mwenye madoa meusi mgongoni. Mtoto mwenyewe mweusi, ana miiba, kama mamba aliyesinyaa.

"Hodi, mama."

"Loo! Sura gani hiyo? Toka!" Akammwagia majivu.

Asubuhi ya tatu wakaja vidukari, wadudu wadogo wa kijani, wapole.

"Hodi, mama yetu. Sisi wanyonge, tumefiwa kama wewe."

Namkunda akatokwa na machozi. "Karibuni, wanangu."

Wakakaa. Wakanyonya. Wakazaana. Majani yakajikunja, maua yakadondoka.

"Wanangu, mbona kunde zinakufa?"

"Ni huzuni, mama," wakajibu, vinywa vimejaa. "Nazo zinamlilia marehemu."

Namkunda akaketi kati ya matuta. "Mungu wangu, nimeona sura. Nionyeshe vinywa."

Ukungu ukashuka polepole, kama shuka. Ndani yake akaona, kwenye magugu ya ukingoni: yule mwenye miiba anamla kidukari. Akamaliza, akashika mwingine. Juu yake, vunjajungu anatafuna kiwavi.

"Kumbe ninyi!"

"Ndiyo sisi, mama. Hukutuuliza tunakula nini."

"Nisameheni. Rudini."

"Na vyungu vyako?" akauliza vunjajungu.

"Kikivunjika nitafinyanga kingine. Mbegu hizi sitazipata tena."

Vidukari wakapiga kelele, "Mama, sisi wanao!"

"Anayelia nami huku ananila si mwanangu."

Wale wawili wakarudi shambani, wakawala vidukari. Nusu ya shamba ilikuwa imekwisha kufa. Nusu ikazaa. Namkunda akala kunde ya kwanza mbichi, palepale, akamlilia mumewe peke yake, bila wa kumsaidia kulia.

Ndugu zangu, mgeni usimpime kwa sura wala kwa machozi. Mtazame anakula nini.

Ngano yangu imekomea hapa. Ikiwa tamu, tuile sote. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe.