Mti Uliofungwa Gunia

Mti uliouchuna, usiutundikie machela. Methali hii ilianza hivi, na ninyi mnaocheka huko nyuma sogeeni, maana haichekeshi. Mmenisikia nikimwambia Dotto, aliyemtukana dada yake asubuhi mbele ya watu, na jioni akaja kumwomba amfulie shati. Mkauliza maneno hayo yametoka wapi. Yametoka msituni, kwa warina asali.

Siku mbili kwa miguu kutoka hapa, katikati ya miyombo, palikuwa na kambi yao. Haikuwa na nyumba, bali mahali pa moto na miti miwili mikubwa, ya aina iitwayo mitundu, iliyoachana hatua nane. Chini pana nge na baridi, kwa hiyo watu walilala juu, katika machela iliyofungwa mti huu na mti ule. Mwenye kambi alikuwa Mzee Kapela, na sheria yake ilikuwa moja: magome ya kutengenezea mizinga yatafutwe mbali. Mti ukichunwa gome mzunguko mzima hufa, hata kama utaendelea kusimama.

"Miti ya kambini haiguswi," alikuwa akisema. "Hiyo ndiyo inayotubeba."

Alipozeeka, kambi ikawa ya mwanawe Nkwabi. Nkwabi alikuwa mrinaji hodari, na baba yake alimpenda sana, lakini safari za mbali zilimchosha. Msimu mmoja maua yalitangulia, naye akawa amepungukiwa mzinga mmoja. Akautazama mtundu mmoja wa kambini, gome lake limenyooka bila kifundo. Akauchuna. Alijiambia kwamba ni mti mmoja tu, na baba harudi tena huku.

Misimu mitatu ikapita, baba akasema anarudi.

"Nataka kuwasikia nyuki wa kule kabla sijafa," alisema. Kuwaona asingeweza, kwa kuwa mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika macho yote mawili. Tena alikuwa na mgongo mbovu tangu alipoanguka mtini ujanani, na machela, kama mjuavyo, humkunja mtu kama ndizi. Nkwabi hakuwa na moyo wa kumkatalia. Alikaa siku nne akishona turubai. Akapitisha ufito mnene upande wa kichwa na mwingine upande wa miguu, zikaitanua ile machela, ikabaki wazi na kunyooka kama kitanda. Aliipima mara tatu kwa kulala yeye mwenyewe.

Walifika kiangazi, miti yote imepukutisha majani, mzima na mfu sura moja. Walikuwa watatu: mzee, Nkwabi na shemeji yake Kasele. Kasele alipoona kiuno cha ule mti kimekuwa kijivu, akamvuta Nkwabi pembeni.

"Shemeji, huu umekufa. Tutafute mwingine."

"Mingine imeachana mno, kamba haifiki. Na tukihama, mzee atauliza kwa nini."

"Si umwambie?"

"Nimwambie nini? Kwamba mimi ndiye..." Alichukua gunia, akalizungushia pale palipochunwa, akafunga kamba juu yake.

Mzee akaja akipapasa, mkono wake ukatua kwenye gunia. "La nini hili?"

"Kamba isiuchubue mti, baba."

"Ahsante, mwanangu. Kumbe hukusahau."

Nkwabi akaenda kutafuta kuni, ingawa kuni zilikuwapo tele.

Kulipokucha mzee alisema kwamba tangu mkewe afariki hajapata usingizi kama ule. Alilala chali, akalala ubavu, mgongo usiseme neno. Siku tatu alikaa akisikiliza nyuki na kutabasamu peke yake. Kila asubuhi Nkwabi aliamua kusema, na kila asubuhi furaha ile ilimziba mdomo. Mficha maradhi kilio humfichua; alilijua hilo tangu utoto, lakini aibu haina masikio.

Siku ya nne, mchana, mzee alikuwa amejinyoosha baada ya kula. Upepo ukaanza.

"Nkwabi," akaita, "mti wa kichwani unalia."

Nkwabi alisimama. Bado palikuwa na nafasi ya kumshusha. "Ni upepo tu, baba," akasema.

Mzee akajifunika tena shuka. Mti ukakatika pale pale kwenye gunia, ukamwangukia kifuani.

Walimbeba kwa machela ile ile, fito zake zikiwa bado zimeitanua, Nkwabi mbele na Kasele nyuma. Njiani Nkwabi alisema yote, akilia bila kujificha.

"Mti uliniambia," mzee alisema. "Wewe ukasema ni upepo. Nikakuamini wewe." Baadaye kidogo akasema, "Kitanda lakini kilikuwa kizuri." Alikata roho kabla hawajafika kijijini.

Matangani watu walimfariji Nkwabi, kwamba upepo hauna mwenyewe, ni kazi ya Mungu. Akasimama katikati yao.

"Si upepo," alisema. "Mti ule niliuchuna mimi, kisha nikautundikia machela ya baba yangu."

Hakurina asali tena. Lakini kila alipomwona mtu amemuumiza mwenzake, kisha anakwenda kumwegemea kana kwamba hakuna kilichotokea, alimwita kando na kumwambia neno lile. Alikuwa akilisema polepole, na mara nyingi sauti ilimkatikia katikati. Sisi watoto wake tulikuwa tunammalizia. Naam, alikuwa baba yangu, na babu yangu ndiye aliyelala.

Haya Dotto, inuka. Nenda kwa dada yako, na shati uliache hapa. Kaanze na lile ulilomfanyia. Mti uliouchuna, usiutundikie machela.