Kiboko Aliyeipoza Kompyuta

Nifungue kinywa?

Fungua!

Nikifungua, mtakaa?

Tutakaa!

Mtakaa wapi?

Palepale maneno yanapoangukia!

Haya, sogeeni basi. Aliye nyuma asije akasema hakusikia.

Hapo kale, lakini si kale sana maana sola zilikuwepo, watu fulani walikuja Bonde la Mikoche kupima mvua. Wakapiga mahema. Wakapima, wakapima, wakapima, na mvua yenyewe haikuja kupimwa. Wakachoka. Wakapanda gari lao, vuuum, vumbi nyuma, na kwa haraka waliyokuwa nayo wakaacha kompyuta, sola ya kuipa umeme, na mpira mrefu wa maji uliojiviringisha mchangani kama chatu aliyeshiba.

Kompyuta ile ilikuwa ajabu, jamani. Haikuwa na macho, lakini iliona mawingu ya ng'ambo ya milima. Haikuwa na miguu, lakini ilijua majani yameota wapi. Ukiiuliza kwa adabu, ilikujibu kwa sauti nzito, tulivu, kama sauti ya mtu anayezungumza ndani ya kisima. Siku ya kwanza iliposema, nyati walipiga magoti. Simba aliinamisha kichwa mpaka jua likazama.

Sasa ukame ukaingia. Mto ukakauka, visima vikakauka, hata umande ukakauka. Likabaki bwawa moja tu, juu kidogo ya mteremko, na ndani ya bwawa hilo alilala Kiboko. Kiboko mkubwa, Kiboko mzito, Kiboko mwenye meno kama mipini ya majembe. Aliyekuja kunywa, Kiboko alimfungulia kinywa, haaa! Mnyama akarudi na kiu yake.

Chini ya mteremko, ndani ya kichuguu cha zamani, aliishi Nguchiro. Mwamjua Nguchiro: mwili mwembamba, macho mekundu, mkia kama brashi, na maneno mengi kuliko mwili wenyewe. Jirani yake alikuwa Swala, na Swala alikuwa na mtoto mchanga. Asubuhi moja Swala akaja mlangoni.

"Shoga, mtoto hasimami tena," akasema.

Nguchiro akatoka kumtazama. Kweli, mtoto amelala, ulimi nje, mbavu zinapanda zinashuka.

Wanyama wakaenda kwa kompyuta.

"Kompyuta, tafadhali, maji yako wapi?"

"Ngojeni niyatazame mawingu yote," ikajibu. "Ni mengi. Nifikiri."

Ikafikiri, ikafikiri, ikafikiri. Ikapata joto, ikapata joto, ikapata joto. Tiii! Ikazimika. Zii.

Maana ndani yake kulikuwa na bongo dogo, kijidude kisichozidi ukwato wa pundamilia, ambacho watu hukiita prosesa. Mawazo yote yalipikwa pale, na penye kupikwa hapakosi joto. Kijidude kilipochemka, kompyuta ilijizima yenyewe isije ikaungua.

Tembo akajitokeza. "Niachieni mimi. Dawa ya joto ni upepo."

Akaanza kupepea kwa masikio yake, paa! paa! paa! Vumbi la bonde zima likainuka, likaingia kila tundu la kompyuta. Ilipopoa na kuwaka, wakaiuliza tena. Ikafikiri, ikafikiri, ikafikiri. Ikapata joto upesi kuliko mwanzo. Tiii! Zii.

"Upepo wenyewe wa moto," akanong'ona Swala. "Ni kumpepea mgonjwa kwa mvuke wa chungu."

Hapo ndipo Kiboko alipotoka majini, chuba, chuba, chuba.

"Dawa ya joto ni maji," akasema. "Na maji yote ni yangu. Kompyuta naihamishia bwawani, itakaa nami, itapoa nami. Na ikijua mvua iko wapi, itaniambia mimi peke yangu. Nitatangulia, nitalala ndani ya maji mapya, na nyinyi mtabaki mnanitazama kama mnavyonitazama sasa."

Akaisukuma kompyuta kwa pua. Hata hajafika mbali, Nguchiro akaruka mbele yake. Alijua kitu chenye umeme ndani kikizamishwa hakifikiri tena milele. Lakini ukimwambia Kiboko kwamba kitu kitaharibika, atajali nini? Nguchiro akatafuta neno ambalo Kiboko angelijali.

"Mjomba, simama! Ukiizamisha italinywa bwawa!"

Kiboko akasimama. "Italinywa?"

"Si umeona joto lake? Kitu chenye joto namna hii, ukikitia majini, fyuuu! Mvuke! Jioni utakuwa umelala kwenye tope, mjomba, na nzi mgongoni."

Kiboko akaitazama kompyuta, akalitazama bwawa lake. Akarudi nyuma hatua chache.

"Sasa nitaipozaje?"

"Nipe nafasi nifikiri."

"Usije ukapata joto na wewe," akasema Kiboko, akacheka peke yake.

Nguchiro akarudi nyumbani. Lilikuwa jua la utosi, mawe yanachoma, hata mijusi wanahema. Akaingia kichuguuni, akajitupa chumbani kwake. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akajiuliza jambo: mbona humu ndani kuna ubaridi?

Alikuwa amelala humo maisha yake yote bila kujiuliza. Akaokota unyoya wa kanga, akauachia hewani. Unyoya haukuanguka. Uliyumba, ukageuka, ukapanda polepole, ukaingia kwenye bomba la udongo lililokwenda juu mpaka kileleni. Nguchiro akatoka mbio. Akaukuta unyoya unaelea juu ya kichuguu, angani, kama kitu kilichopulizwa.

Akarudi ndani, akaweka pua sakafuni, kwenye vitundu vilivyoshuka chini sana ardhini kusikofika jua. Huko pumzi ya baridi ilikuwa inaingia. Chini baridi inaingia, juu joto linatoka. Chini inaingia, juu linatoka. Mchwa waliojenga nyumba ile walikwisha kufa zamani, hawakuwa hata na macho, na nyumba yao bado ilikuwa inapumua. Nguchiro nywele zikamsimama. Akajiona amelala siku zote ndani ya pafu la kitu kikubwa, naye hajawahi hata kukisalimu.

"Shikamoo," akasema kwa sauti ndogo.

Kichuguu kikapumua. Huuu.

Nguchiro akarudi kwa Kiboko akitembea kwa madaha.

"Mjomba, nimepata. Kompyuta haitaki kuzamishwa, inataka maji yako yapite karibu yake tu. Tutachukua ule mpira wa maji, ncha moja bwawani, tuuzungushe kichuguu changu, ncha nyingine tuipeleke kule korongoni, chini nyuma ya kichuguu."

"Korongoni kufanya nini?"

"Maji yakishabeba joto yanachoka, mjomba. Lazima yapumzike kivulini."

"Halafu yatarudi?"

"Mjomba! Wewe umewahi kusikia maji yaliyoenda yasirudi? Hata hiyo mvua unayoisubiri ni nini kama si maji yanayorudi?"

Kiboko akafikiri, akaona ni kweli. "Na kompyuta ikae wapi?"

"Ndani chumbani kwangu, mimi nitalala nje. Wadaku wasije wakasikia siri yako."

Hilo la siri lilimpendeza Kiboko kuliko yote. "Una akili, mkia brashi. Fanya."

Nguchiro akaifungua kompyuta. Juu ya prosesa palikuwa na vibati vyembamba vimepangwa kama mapezi ya samaki, vyote vimezibwa na vumbi la Tembo. Akavisugua kwa mkia wake, fya, fya, fya, hadi vikang'aa. Akaiburura kompyuta hadi chumbani, akaielekeza mapezi yake kwenye pumzi ya baridi, mgongo wake kwenye bomba la kwenda juu. Waya wa sola akaupitisha mlangoni. Kisha wakatandaza mpira wa maji kuzunguka kichuguu, ukakizunguka kama mkufu, haukugusa prosesa hata kidogo.

Tembo akashuka korongoni, akaweka mkonga kwenye ncha ya mpira, akavuta. Fyooo! Maji yakaja. Yakaja yenyewe, yakafuata mteremko, kwa, kwa, kwa, na korongoni walikuwa wamejificha pundamilia, nyati, kanga, na Swala na mtoto wake. Wakanywa wote bila kelele. Mtoto wa Swala akaloweshwa ulimi kwanza, kisha akalambishwa, kisha akanywa mwenyewe.

Kule mbele Kiboko alikaa akiulinda mpira wake, kifua mbele.

"Sikia maji yangu yanavyofanya kazi!" akasema.

"Nayasikia, mjomba," akajibu Nguchiro. Akainama mlangoni, akauliza swali lake: "Kompyuta, tafadhali, maji yako wapi?"

"Ngojeni niyatazame mawingu yote. Nifikiri."

Ikafikiri, ikafikiri, ikafikiri. Ikapata joto, ikapata joto, ikapata joto. Nguchiro akafumba macho akingoja ile tiii.

Haikulia.

Badala yake akasikia kichuguu kinavuta pumzi. Huuu. Joto la kompyuta lilipanda bombani kama moshi, na lilipopanda liliivuta baridi kutoka chini. Kompyuta ikafikiri kwa nguvu zaidi. Kichuguu kikavuta pumzi kwa nguvu zaidi. Ikazidisha, kikazidisha. Juu kileleni hewa ya moto ilitetemesha anga, na majani makavu yalirushwa juu, yakazunguka, yakapotea. Nguchiro akaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa baridi. Hakukumbuka kiu, hakukumbuka hila zake, hakumkumbuka hata Kiboko. Alisikiliza tu, vile unavyosikiliza watu wawili wakubwa wakizungumza lugha usiyoijua.

"Bwawa langu linapungua!" Kiboko akapiga kelele.

"Ni jua, mjomba. Jua kali."

Mwisho kompyuta ikasema, "Nimeona."

Kiboko akamsukuma Nguchiro pembeni, akabandika sikio mlangoni. "Ninong'oneze mimi peke yangu!"

Na kompyuta ikamnong'oneza. Lakini kichuguu kina tundu moja tu? Kina matundu kila upande, na njia zake za chini kwa chini zilifika mpaka korongoni. Wanyama wakasikia ardhi waliyosimama juu yake inasema, kwa ile sauti nzito, tulivu:

"Mvua imenyesha nyuma ya Vilima Pacha. Mto umeamka. Piteni njia ya kaskazini, ina kivuli."

Nyati wakapiga magoti tena. Mtoto wa Swala akatazama kwato zake, akazinusa, kisha akasimama. Mama yake akalia. Halafu wote wakaondoka, polepole, bila kishindo, kwa njia ya kaskazini.

Kiboko naye akajifanya hakusikia kitu. "Haijasema la maana," akamwambia Nguchiro, akipiga miayo. "Nakwenda kujinyoosha kidogo."

"Nenda salama, mjomba."

Akaenda. Alikwenda kwa kunyata, Kiboko mzima, akijificha nyuma ya vichaka visivyomfika magotini, asije akafuatwa. Nguchiro akabaki nyuma muda mrefu kidogo, ameegemea kichuguu chake. Akaaga kwa kuinamisha kichwa, kisha akakimbia kwa njia ya mkato.

Kiboko alipofika nyuma ya Vilima Pacha, amechubuka, amekauka, pumzi juu juu, aliuona mto. Mto mpana, wa kahawia, unanguruma. Na ndani ya mto aliwaona wote: pundamilia, nyati, Tembo anajimwagia, Swala anamwogesha mtoto, na Nguchiro juu ya jiwe anakausha mkia.

"Nani kawaambia?" akanguruma Kiboko. "Nani?"

"Ni maji yako, mjomba," akasema Nguchiro. "Yalitupitia."

Kiboko akafungua kinywa, haaa! Lakini mto ulikuwa mkubwa, hakuna aliyegeuka. Akakifunga. Akaingia majini taratibu, mahali palipobaki, akazama hadi puani. Na mpaka leo, ukipita mtoni ukasikia puuu! puuu!, huyo ndiye yeye. Anawasimulia samaki jinsi alivyoipoza kompyuta kwa maji yake mwenyewe.

Basi mafunzo ya hadithi hii, wanangu, ni haya: kompyuta yako ikipata joto, usihangaike na vumbi, wala usijisumbue kutafuta hewa inapoingia na inapotokea. Tafuta kiboko. Awe mnene, na awe mchoyo.

Maneno yangu nimeyaokota yote, sikuacha hata moja chini. Mmeshiba?

Tumeshiba!

Basi nilipeni jasho la kusimulia, nipepeeni.

Tunakupepea!