Jina la Mkandaji wa Ngamiani

Mwenye majina mengi haitwi. Mmeisikia leo, mkatazamana, na aliyeisema kaondoka bila kuieleza. Basi kaeni vizuri. Methali hii ilianza hivi, na wala si ya kale kama mnavyodhani. Simu zilikuwa zimeshajua kujibu maswali.

Tanga, mtaa wa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu, palikuwa na mwanamke mkandaji. Kazi yake ilikuwa kukanda wazazi, yaani wanawake waliotoka kujifungua, kwa maji ya moto na mafuta ya nazi yaliyochemshwa na mchaichai. Mikono ya kazi hiyo aliirithi kwa mama yake. Mtu akiingia kwake kajikunja, hutoka kanyooka. Jina lake Mwanaidi Shekilindi, lakini nani angethubutu kulitaja? Adabu ya kwetu mnaijua: mwanamke akishazaa, jina lake hufungiwa sandukuni. Majirani walimwita Mama Jabu. Maharusi aliowafunda walimwita Somo. Akina mama wauza samaki, waliomletea migongo yao, walimwita Bi Kiganja. Na juu ya mlango wa chumba chake cha kazi palikuwa na kibao kilichoandikwa "Pumzika Kwanza", basi.

Mwaka huo wateja walipungua. Wazazi wa siku hizi hawamuulizi tena shangazi; wanaiuliza akili mnemba ndani ya simu, nayo ikawa inawapeleka hoteli moja ya ufukweni, kwa watu wasiojua hata tumbo la mzazi hukandwaje. Jabu, mwanawe wa kiume aliyehamia Dodoma, akamwambia, "Mama, sikukuu ikipita na hali ni hii, funga, uje ukae nasi." Mwanaidi hakutaka. Hakuwa na binti wa kumwachia kazi. Akifunga, ni kama kumzika mama yake mara ya pili. Hilo lilimuuma sana.

Lakini udadisi wake ulizidi huzuni yake. Siku moja, akimkanda Pili, fundi cherehani wa jirani, akauliza, "Hebu, hicho kidude chenu kinanijua mimi?"

Pili, kalala kifudifudi, akaivuta simu yake. "Kuna mkandaji Tanga anaitwa Mwanaidi Shekilindi?"

Simu ikajibu kwa upole kwamba haina taarifa zake.

"Iulize Mama Jabu."

Yupo mama wa jina hilo, ikasema, anasifiwa na wazazi, ila haijulikani anapatikana wapi. Na Bi Kiganja? Huyo yuko Ngamiani, hodari wa migongo, lakini haijulikani kama hukanda wazazi. Na Pumzika Kwanza? Hapo simu ikasita kidogo, ikasema huenda ni nyumba ya kulala wageni.

Mwanaidi alicheka hadi akashika ukuta. "Kumbe mimi ni watu wawili na gesti!" Kisha kicheko kikamkauka. "Kwani hakijui kwamba wote hao ni mimi?"

"Kitajuaje, Somo? Hakipiti Ngamiani. Kinasoma walichoandika watu, kisha kinaunganisha. Majina yasipolingana, kinaona ni watu mbalimbali. Chagua jina moja, liende kibaoni, liende mtandaoni, pamoja na kazi yako na mtaa wako. Na kila anayekusifu alitaje hilo hilo."

"Nianze kujitangaza uzeeni? Kizuri chajiuza, Pili."

"Kwa anayekiona."

Neno hilo lilimkaa Mwanaidi rohoni. Kibao hakikuwa tabu. Alikipaka rangi, akaandikisha jina lake, na Pili akaliweka mtandaoni. Tabu ilikuwa watu. Kwenye sherehe ya arobaini ya kichanga cha jirani, ukumbi umejaa wanawake, akasimama akawaomba: yeyote aliyewahi kumwandikia sifa mtandaoni, airekebishe, aweke jina lake kamili. Bi Mwanjaa, mkubwa kuliko wote pale, akaguna.

"Tukuandike jina kavu, kama mtoto wa madrasa? Watu watasema Ngamiani hakuna adabu!"

"Mdomoni niiteni mpendavyo, mama yangu," akasema Mwanaidi. "Lakini mkiandika, andikeni Mwanaidi Shekilindi, mkandaji wa wazazi. Heshima yenu inanificha."

Bi Mwanjaa akamtazama weee, kisha akampa Pili simu yake. "Niandikie wewe. Mimi mkono wangu haukubali."

Mambo hayakugeuka papo hapo. Sikukuu ilikaribia, na Jabu hakuchoka kupiga simu kuuliza kama mizigo imefungwa. Hata asubuhi moja, Mwanaidi akiwa uani anakoroga mafuta, akasikia sauti ngeni mlangoni.

"Hodi! Namuulizia Mwanaidi Shekilindi, mkandaji wa wazazi."

Alikuwa mwanamke wa Korogwe, kamshika mkono mdogo wake mwenye kichanga. Simu ndiyo iliyowaelekeza. Mwanaidi alisikia, lakini hakujibu. Tangu mama yake alipofariki, hakuna aliyesimama mlangoni akamwita kwa jina hilo. Mwenyewe alikuwa amesahau kwamba linaitikiwa.

"Mwanaidi Shekilindi yupo?"

"Abee!" akaitika, kama mtoto aliyeitwa na mamaye, machozi yakimtoka. "Nipo. Ingieni, wanangu."

Wengine wakafuata, wakimuulizia kwa jina hilo hilo, na Dodoma hakwenda. Na Pili, kila aliposimulia habari ile kwenye cherehani yake, alimalizia kwa maneno hayo mliyoyasikia leo, nayo yakaenea mji mzima: mwenye majina mengi haitwi.