Sikio la Mgonga Chapa

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba wageni waliokuwa wakiutawala mji wa Barizi walipoondolewa, dola changa haikuwa na sarafu yake. Ikachukua reale za wageni, zenye sura ya mfalme wao, ikaamuru kila moja igongwe chapa ya mwezi juu ya uso ule. Isiyo na chapa haikununua hata chumvi.

Kazi hiyo alipewa Sheikh Nuamani, mfua fedha mcha Mungu. Aliidondosha kila reale juu ya jiwe akaisikiliza: fedha safi hulia, yenye madini ya risasi ndani hutoa kishindo tu. Watu wakasema chapa ya Nuamani haina shaka.

Basi masikio yake yakaanza kuzeeka. Adhana aliisikia, ila ule mlio mwembamba wa fedha ukampotea. Akaona haya kusema, akaendelea kugonga kwa kukisia. Ndugu zangu, hapo ndipo tunapoangamia wengi wetu.

Siku moja mjane Ruzuna alifiwa na mwanawe wa pekee, akapeleka reale yake moja kununua sanda. Muuza nguo akaikata ukingo, akakuta risasi tupu. Kadhi akahukumu kwamba, kwa kuwa Nuamani hakosei, mjane ameghushi chapa, na adhabu yake ni kukatwa mkono. Majirani wakamzika mtoto kwa kipande cha mkeka, mama yake akiwa kifungoni.

Nuamani alipopata habari alijua kwamba jina lake jema ndilo lililomtia yule mama hatiani. Alilia sana. Kisha akaenda akaweka nyundo na chapa mbele ya kadhi, akasema, "Chapa ile ni yangu. Sikio langu limekufa tangu Rajabu, nami nikanyamaza."

Mjane akafunguliwa. Nuamani akapokonywa kazi, akaishi kwa kusokota kamba. Alipokwenda kumwomba radhi, Ruzuna alimjibu, "Mkono wangu umenirudishia, baba. Na sanda ya mwanangu je?"

Tangu hapo kila Ijumaa Nuamani alisimama mlangoni kwa Ruzuna akatoa salamu. Uziwi ukamtimilia, naye akaenda vivyo hivyo hadi kufa kwake, asijue kama aliitikiwa.

Tusiseme toba yake haikufaa kitu, maana iliokoa mkono. Lakini kweli iliyocheleweshwa huenda ikafika mtu ameshazikwa. Mola atujaalie tuiseme mapema.