Rupia Iliyokohoa

Hapo zamani za kale, kale ambayo hata babu wa babu yako alikuwa bado hajafikiriwa, wanyama walikuwa na nyumba, sufuria na wakwe kama sisi. Msiniulize nimejuaje. Nilikuwepo! Nilikaa mbele kabisa, na vumbi la mkasa huu nimelila mimi. Atakayesema "uongo" na anyooshe mkono, tumtoe nje mapema.

Basi, Pimbi, yule mdogo wa majabalini asiye na mkia wa kujivunia, alitaka kuoa. Mchumba wake alikuwa Mwanahawa, binti wa Bi Pelele. Na Bi Pelele hakutaka mahari ya ng'ombe wala mbuzi, maana hao walikuwa majirani zake na wangekasirika.

"Nataka rupia moja tu," alisema. "Rupia ya kale, ya fedha tupu, yenye uso wa mfalme Simba Mkongwe. Mama yangu aliolewa kwa rupia. Mimi niliolewa kwa rupia. Mwanangu hataolewa kwa maneno matamu."

Loo! Rupia za Simba Mkongwe zilikuwa adimu kama wali wa daku. Lakini pale gulioni, Kiboko alikuwa nazo kikapu kizima.

Hapo ndipo Pimbi alipopaswa kujikuna kichwa. Kitu adimu, kikapu kizima? Lakini mwenye haraka ya kuoa hajikuni kichwa, hujikuna moyo.

"Karibu, kijana, karibu!" Kiboko alinguruma. Shingoni alikuwa amening'iniza rupia moja kwa uzi. Akaipiga ukucha: *ngiiiing!* "Umesikia hiyo sauti? Fedha hiyo! Na za kikapuni ni dada zake, tumbo moja, ziwa moja."

"Nitajuaje kama ni halisi?" Pimbi aliuliza.

"Ndiyo maana nimemweka Bwana Fisi hapa. Mthibitishaji Mkuu! Bingwa wa Meno!"

Fisi akajitokeza, kifua mbele. Akachukua rupia kutoka kikapuni, akaigusisha menoni taratibu kama mtoto anayeonja uji wa moto. *Ti!*

"Halisi!" akatangaza. Akachovya unyayo kwenye tope, akaubandika juu ya jani la mgomba. *Pwacha!* "Cheti chako hicho. Nani mwingine?"

Pimbi akatoa mitungi yake yote ya asali, asali aliyoumwa na nyuki mpaka masikio yakavimba. Akaifunga rupia kwenye kikunjo cha kikoi, akaondoka akiruka, *tepe tepe tepe*, mpaka kwa mama mkwe.

Bi Pelele hakukisoma cheti. Aliichukua rupia, akaiangusha juu ya jiwe.

*Pu.*

Bi Pelele akainama, akaiokota.

"Mkwe," alisema Bi Pelele.

"Naam, mama."

"Rupia hulia. Hii imekohoa."

Akaisugua ukutani. Ukuta ukabaki na mstari mweusi kama uliochorwa kwa mkaa.

"Fedha haichori ukuta, mwanangu. Hii ni risasi, ile wanayofungia wavuvi nyavu zao zizame, imeyeyushwa ikamwagwa kwenye kibao cha udongo chenye alama ya rupia halisi. Ijumaa nakusanya watu. Uje na rupia inayolia. Usipokuja nayo, Kindi naye ameshaleta posa."

Nyuma ya pazia sauti ikapasuka: "Mama! Kindi ana meno marefu ya mbele!"

"Na huyu wako je? Ya kwake mafupi?"

"Ya huyu nimeyazoea!"

Maskini Pimbi! Alirudi gulioni machozi yakimlengalenga. Kiboko alipoiona ile rupia hakuigusa hata kwa kidole.

"Cheti unacho au huna?"

"Ninacho, lakini mama mkwe ameiangusha na..."

"Mama mkwe ana meno ya Fisi?"

"Hana, ila..."

"Basi! Mwenye kupinga cheti aje humu ndani tuzungumze." Akafungua kinywa chake, *haaaa*, kipana kama mlango wa zizi. Pimbi akaliona kaakaa lote, akaona hata majani ya jana.

Lakini akaona na jambo jingine. Ile rupia ya shingoni mwa Kiboko ilikuwa na kovu dogo shavuni mwa Simba. Akaitazama yake: kovu lile lile, shavu lile lile. Akachungulia kikapuni: Simba wote wana kovu, utadhani walipigana vita moja!

"Ahaa," akajisemea. "Mama ni mmoja, yuko shingoni. Hawa wengine wote ni vivuli vyake."

Hakubishana tena. Akafuta machozi, akainama kwa adabu. "Nisamehe, Bwana Kiboko. Nimekosea. Kukulipa fadhila nitakuletea mnunuzi mkubwa."

Mnunuzi mwenyewe alikuwa Tembo, tajiri wa nchi ile, mwenye kofia nyeupe iliyotariziwa, aliyoivaa upande juu ya sikio moja. Pimbi akamwendea.

"Shikamoo, Mzee Tembo. Nasikia unazitaka rupia za Kiboko."

"Marahaba. Kikapu kizima!"

"Hewala. Lakini mtu wa heshima yako hanunui mpaka zithibitishwe mbele ya watu. Na mthibitishaji awe hajala tangu jana. Kinywa chenye mabaki ya ugali hakisemi kweli."

"Wallahi, umenena!" Tembo akarekebisha kofia. "Peleka habari. Asiyefunga, sinunui."

Fisi kufunga! Hata jua lilichelewa kuchomoza, likidhani limekosea siku. Tumbo lake lililia *kurururu* mpaka ndege wakahama mti.

Na Pimbi je? Alikuwa jikoni anachochea moto. Amebandika sufuria ya supu ya mifupa, mifupa ya nani msiniulize, maana jamaa za mwenye mifupa wote wapo hapa. Aliichemsha mpaka uboho ukatoka, mafuta yakaelea. Akachovya kitambaa, akakikamua kidogo, huyo gulioni alfajiri.

"Bwana Kiboko, Mzee Tembo anakuja! Hizi rupia zimefubaa. Nikusugulie?"

"Sugua, sugua!"

"Na hii ya shingoni?"

"Hiyo ndiyo usugue mpaka nijione!"

Kiboko ni mla nyasi. Kwake supu ni maji yanayonuka tu. Akainua kidevu, macho kafumba, anasuguliwa kama bwana harusi.

Watu wakajaa. Tembo akafika, kofia upande. Mkonga ukanusa huku na huku.

"Mbona nasikia harufu ya mchuzi?"

"Harufu ya ukale hiyo, mzee," Pimbi akajibu haraka. "Rupia hizi zimekaa sana ikulu, karibu na jiko."

"Aaa. Ikulu. Haya, Bwana Fisi, thibitisha."

Fisi alikuwa anayumba kwa njaa. Pimbi akampa ile rupia yake mwenyewe, iliyolala ndani ya supu tangu jana. Fisi akaisogeza menoni taratibu, kama kawaida yake.

*Ti...*

Ulimi ukagusa uboho. Macho yakageuka yakaonyesha weupe. Mate yakamdondoka *chururu, chururu*.

"Bwana Fisi?" Kiboko akanong'ona.

*KRAAPU!* Nyam, nyam, nyam. *Gudu.*

Rupia imekwenda!

"Ameila!" Sungura akapiga kelele. "Ameila rupia!"

"Tema wewe! Tema!" Kiboko anabana sauti.

"Mmmh," Fisi akasema, macho kafumba. "Hii haijanitosha kuthibitisha. Leta nyingine."

Kabla hajaletewa akajiletea. Alijitupa ndani ya kikapu, kichwa chini, mkia juu. *Krapu! Krapu! Nyam! Gudu!* Simba Wakongwe wanatafunwa kama karanga za kukaanga! Watu wanashika mbavu. Nyani kaanguka kutoka tawini kwa kucheka.

Pimbi akapanda juu ya mtungi. "Enyi wazazi wangu! Nani kati yenu amewahi kuona fedha ikitafunwa? Kama fedha ingekuwa laini hivi, tungeila na maharage!"

Wateja wa zamani wakaanza kutoa vyeti vyao vya majani, mmoja baada ya mwingine, nyuso zimewakunjamana. Kiboko akarudi kinyumenyume.

"Ni kundi moja baya tu," akasema. "Hii ya shingoni..."

Ah, asingeitaja! Fisi alikuwa amemaliza kikapu. Akainua pua. Akanusa. Uboho, tena, kwenye shingo nene.

"Fisi, ni mimi! Fisi, rafiki ya..."

Fisi akaruka, akaiuma ile rupia kwa nguvu zote alizowekewa na Muumba.

*KAKKK!*

"Ayaaaaa! Mama yanguuu!"

Jino la Fisi likaruka juu, likazunguka, likatua katikati ya kofia ya Tembo, *tik*. Uzi ukakatika. Rupia ikaanguka juu ya jiwe, ikabiringika mpaka miguuni mwa Pimbi huku ikiimba:

*Ngiiiiiiiing!*

Tembo akalitoa jino kofiani, akalitazama mbele na nyuma. Halafu akacheka mpaka masikio yakapepea.

"Leo Bwana Fisi amethibitisha kwa mara ya kwanza! Kijana, ulilipia rupia halisi. Chukua rupia halisi, na jino hili nalo. Na asali iliyobaki wagawane waliotapeliwa. Wewe Kiboko..."

Lakini Kiboko hakungoja amalize. *Gubu gubu gubu, chubwi!* Mtoni. Mpaka leo mchana hukaa majini, ametoa macho tu, anaangalia kama watu wameshasahau. Na Fisi anacheka usiku kucha ili wenzake wadhani pengo lake ni la furaha.

Siku ya Ijumaa Bi Pelele aliangusha rupia juu ya lile jiwe.

*Ngiiiing!*

Nyuma ya pazia vigelegele vikalipuka, na pazia lenyewe likaanguka.

Lakini Bi Pelele ni Bi Pelele. Akanyoosha mkono. "Na cheti chake kiko wapi, mkwe?"

Pimbi akafungua kikunjo cha kikoi, akamwekea kiganjani jino la Fisi, limepasuka katikati.

"Hiki hapa, mama."

Bi Pelele akaligeuza, akalipima kwa kidole. Akatabasamu. "Hiki hakina tope. Haya, ingia ndani, mwanangu."

Wakaoana, wakaishi raha mstarehe. Na funzo lake ni hili: ukitaka kujua kama kitu ni halisi, usimuulize anayekula sahani moja na muuzaji.

Nami nimewaeleza kila neno kama nilivyoliona. Ila ile kofia ya Tembo, hiyo nimemvisha mimi. Jino lilianguka chini tu, kama meno mengine.