Kigoda cha Mfalme Senkoro

Sogeeni motoni, na anayesinzia asinzie kwa sikio moja tu.

Mfalme Senkoro alipewa na zimwi kigoda cha ajabu. Mwaka wa kwanza mahindi yalijaa ghalani, watu wakauliza, "Nani katushibisha?"

"Ni mimi!" akajibu Senkoro, akiwa amekikalia. Kigoda kikarefuka naye juu yake, kikampita mtu kwa kimo.

Mwaka wa pili mbuzi walizaa mapacha. "Ni mimi!" Kikapita paa.

Mwaka wa tatu mvua ilimwagika kupita kiasi. "Ni mimi!" Kikapita miti, naye akafuta siku ya kuzibua mfereji uliowaletea maji kutoka chemchemi ya mlimani, ili watu wote waje kumshangilia.

Mwaka uliofuata mvua iligoma. Watu wakaja na vibuyu vitupu. "Nani katukausha?"

"Si mimi, ni mawingu!" Kigoda kikayumba.

"Si mimi, ni mfalme aliyenitangulia!" Kikayumba zaidi.

"Si mimi, ni nyinyi, mnakula mno!" Kikainama, Senkoro akakikumbatia.

"Zimwi, nishushe!"

Zimwi likacheka huko msituni. "Kinashuka kwa ukweli tu, bwana mkubwa."

Mkewe Nakiete akapaza sauti kutoka chini. "Mume wangu, mvua hukuileta wala hukuizuia. Mfereji je?"

Senkoro akageuka, akatazama mlimani. Kumbe chemchemi ilikuwa bado inabubujika! Mfereji ndio ulioziba kwa tope, na maji yote yalikuwa yakipotelea korongoni.

"Mvua haikuwa yangu," akasema. "Mfereji ulikuwa wangu."

Kigoda kikashuka, pu! hadi chini.

Hakuna aliyempigia vigelegele. Walimpa jembe.